TAARIFA YA TAWI: TUNATAKA UZIO, HATUTAKI ZAMU

*Kwa wanachama wote wa tawi. Tanga, Desemba 2024.*
*Isomwe yote. Ni ndefu, lakini sauti zinazorushwa kwenye magrupu wiki hizi ni ndefu zaidi na hazina kitu ndani.*

Ndugu wanachama,

  

Tangu tarehe 27 Novemba simu ya Katibu haijapoa. Wanaopiga ni wa aina mbili. Wa kwanza anasema tufunge tawi, turudishe bendera, kila mtu akauze samaki wake, kwa sababu hata tukipiga kura mara mia jibu limeshaandikwa. Wa pili anasema tusijali, ipo siku itafika zamu yetu, na siku hiyo tutawafanya kama walivyotufanya. Kamati ya Tawi imekaa mara mbili, imezijadili simu hizo, na imeniagiza niandike jibu. Jibu ni kwamba wote wawili wamekosea, na huyu wa pili amekosea zaidi.

Tuanze na yaliyotokea, maana kuna watu wameshaanza kuyasahau.

Waziri wa TAMISEMI, Mohamed Mchengerwa, alitangaza kwamba CCM imepata zaidi ya asilimia 98 ya viti, ukihesabu vijiji, ukihesabu mitaa, ukihesabu vitongoji. Mwaka 2019 ilikuwa zaidi ya asilimia 99. Ndugu zangu, uliza Ngamiani nzima, kuanzia barabara ya kwanza mpaka ya mwisho, nani anapenda pilau. Hupati asilimia 98. Atatokea mwenye sukari, atatokea mwenye vidonda vya tumbo, atatokea mbishi tu wa kuzaliwa. Lakini kwenye uenyekiti wa mtaa, ambako majirani wanajuana kwa majina ya utani, ambako kila mtu anajua nani alikula michango ya msiba, tunaambiwa nchi nzima imekubaliana.

Katika mtaa wetu mgombea wetu wa uenyekiti alienguliwa. Mnamjua, sitamtaja hapa. Kwenye fomu, sehemu ya kazi, aliandika mvuvi na mkulima. Akaambiwa hizo ni kazi mbili na fomu inauliza kazi moja. Mtu anavua msimu wa kaskazi, msimu mwingine analima mihogo yake. Baba yake aliishi hivyo, babu yake aliishi hivyo, na nusu ya pwani hii inaishi hivyo. Tukaweka pingamizi, likatupwa. Tukaenda kwenye rufaa, tukakuta wanaosikiliza rufaa ni watumishi wa serikali ileile iliyomwengua. Wajumbe wetu wawili walipita, wakafanya kampeni zile siku saba za mwisho bila mgombea wa uenyekiti, sawa na jahazi lenye mabaharia bila nahodha. Tuliambulia mjumbe mmoja wa kamati ya mtaa. Tunampongeza, na tutamrudia huko mbele maana ana kazi kubwa.

Sasa neno litakalowaudhi baadhi yenu. Kamati imepitia hesabu za mtaa wetu kwa ukweli, bila kujipendelea, na imeona kwamba hata mgombea wetu angebaki kwenye karatasi, huenda tungeshindwa kihalali. Wakati wa kuandikisha wapiga kura, tarehe 11 hadi 20 Oktoba, wanachama wetu waliojiandikisha hawakufika nusu ya walio kwenye daftari letu. Wengine walisema wana kadi ya kupigia kura tayari, hawakujua kwamba orodha ya mtaa ni kitu kingine. Tulitangaza kwa maneno ya barazani badala ya kwenda mlango kwa mlango. CCM wana wapenzi wa kweli mtaani petu; ni wajomba zetu, ni mashangazi zetu, ni watu tunaozikana nao. Hatupingi wao kuwepo wala kushinda. Tunapinga kwamba wasingekubali kushindwa, na kwamba hakuna chombo cha kuwalazimisha wakubali.

Huo ndio ugonjwa, na haukuanza na Waziri huyu wala na uchaguzi huu.

Mabalozi wa nyumba kumi waliwekwa na TANU miaka ya 1964 na 1965. Wakati ule chama kilikuwa kimoja, kwa hiyo balozi alikuwa mtu wa chama, na wa serikali, na wa ulinzi, na wa kusuluhisha mke na mume, yote kwa pamoja. Mwaka 1972 serikali za mitaa zikafutwa, madaraka yakapelekwa mikoani kwa watumishi walioteuliwa. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuja kukiri baadaye kwamba lilikuwa kosa. Mwaka 1977 TANU na ASP zikaungana ikazaliwa CCM. Sheria mbili za mwaka 1982, moja ya wilaya na moja ya miji, zikazirudisha halmashauri. Halafu 1992 vyama vingi vikaruhusiwa. Kwenye karatasi chama na serikali vikaachana. Kwenye nyumba wakaendelea kulala chumba kimoja, na sisi wengine tukawa wageni sebuleni.

Leo hii balozi ni kiongozi wa shina la CCM. Soma Katiba ya CCM, imo. Si mtumishi wa umma, hakuchaguliwa na wakazi wote wa nyumba zake, amechaguliwa na wanachama wenzake. Lakini mwana tawi mwenzetu, mama mtu mzima, mjane, alipokwenda ofisi ya mtaa kutaka barua ya utambulisho ili kikundi chao kiombe mkopo wa halmashauri, aliambiwa aanze kwa balozi. Balozi akamuuliza kwa upole kabisa, maana ni jirani na walisoma chuo kimoja cha Kurani: “Dada, wewe na wale wenzako mbona hatuwaoni kwenye vikao?” Hakumtukana. Hakumfukuza. Alimwambia arudi Jumatatu. Akarudi Jumatatu, akaambiwa Alhamisi. Kikundi kikapeleka maombi bila jina lake.

Mikopo hiyo inatokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni sheria. Mapato hayo ni ushuru wa soko, ni leseni, ni kodi ya vibanda, na mama yule anauza mboga sokoni na analipa ushuru kila siku iendayo kwa Mungu. Mkusanya ushuru hajawahi kumuuliza mbona hatumuoni kwenye vikao. Kwenye kutoa, sisi ni wananchi. Kwenye kupokea, tunaulizwa kadi.

Angalieni na uwanja wetu wa Mkwakwani. Coastal Union imecheza pale, African Sports imecheza pale, baba zetu wametoka na sauti zimekauka pale mwaka 1988 Coastal walipochukua ubingwa wa nchi. Uwanja ni mali ya CCM. Si wa Jiji. Na si Mkwakwani peke yake. Kuna Kirumba Mwanza, kuna Sokoine Mbeya, kuna Sheikh Amri Abeid Arusha. Viwanja vya enzi ambazo kila mtu alikuwa ndani ya chama apende asipende, na mchango wa chama na mchango wa maendeleo ulikuwa mfuko mmoja. Vyama vilipokuwa vingi, waliokuwa ndani walibaki na funguo. Hatusemi hili kwa sababu ya mpira. Tunasema kwa sababu kila mtoto wa Tanga anayekwenda kutazama mpira anajifunza, bila kuambiwa na mtu, kwamba mali ya umma na mali ya chama ni kitu kimoja.

Sikilizeni na lugha. Mkuu wa Wilaya akifungua choo cha shule atasema ni utekelezaji wa Ilani ya CCM. Kamati ya Siasa ya CCM inakwenda kukagua mradi wa maji, na mhandisi, mtumishi wa umma anayelipwa na kodi ya watu wa vyama vyote na wasio na chama, anasimama kutoa maelezo kama mwanafunzi mbele ya mwalimu. Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya ni wajumbe wa kamati hizo za siasa. Na wanateuliwa na nani? Na Rais, ambaye ni Mwenyekiti wa CCM. Mkurugenzi wa Jiji anateuliwa na nani? Na Rais huyohuyo. Mkurugenzi huyo ndiye msimamizi wa uchaguzi wetu wa mitaa, chini ya Waziri ambaye ni mbunge wa CCM. Tuseme hapa wazi kwamba wapo wakurugenzi waungwana. Lakini mnamwomba mtu amhukumu mwajiri wake.

Jambo hili limeshafika mahakamani. Mei 2019 Mahakama Kuu ilisema ni kinyume cha Katiba kwa wakurugenzi wa halmashauri kusimamia uchaguzi mkuu, kwenye kesi aliyoifungua Bob Wangwe. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Mlalamikaji akaenda Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na Juni 2023 Mahakama hiyo ikaona kwamba utaratibu huu haukidhi haki. Na mwaka huu Bunge limepitisha sheria mpya ya Tume ya Uchaguzi, inayotaja kwamba Tume itasimamia uchaguzi wa mitaa, vijiji na vitongoji kwa utaratibu utakaowekwa na sheria nyingine. Hiyo sheria nyingine haijatungwa. TAMISEMI wakaendesha tena. Ni sawa na kumwahidi mtu nyumba ukampa ufunguo, halafu ukamwambia mlango utachongwa baadaye.

*Kwa wanaosema tufunge tawi*

Mtu anayesema imeshaandikwa, tukae nyumbani, tunamwelewa. Septemba mwaka huu Ali Mohamed Kibao, mjumbe wa Sekretarieti ya CHADEMA, alishushwa kwenye basi akija huku kwetu Tanga, na kesho yake mwili wake ukapatikana Ununio. Alizikwa hapa Tanga. Hakuwa wa chama chetu na haina maana yoyote kuuliza alikuwa wa chama gani. Rais alilaani na akaagiza uchunguzi. Mpaka leo tunasubiri. Tarehe 1 Desemba hii, Mwenyekiti wa Ngome ya Vijana wetu, Abdul Nondo, alichukuliwa na watu kituo cha mabasi cha Magufuli, akatupwa Coco Beach usiku. Alhamdulillah yu hai. Basi mama anayemwambia mwanawe asiende kwenye mkutano si mwoga. Ana hesabu zake.

Lakini kususia tumeshakujaribu, na tuna matokeo yake mkononi.

Mwaka 2015 Tanga Mjini ilimchagua Mussa Mbarouk wa CUF kuwa mbunge, na wengi wetu tulikuwa CUF wakati huo. Kwa hesabu yetu madiwani wa UKAWA walikuwa wengi kuliko wa CCM. Uchaguzi wa Meya, Desemba 2015, uliishia kwenye mzozo na aliyetangazwa ni wa CCM. Madiwani wetu wakasusia vikao kwa miezi. Tuliwashangilia. Tulipanga mstari kuwapokea. Huku sisi tunashangilia, vikao viliendelea kwenye makaratasi, bajeti ilipita, viwanja viligawiwa, na hakuna hata mtu wetu mmoja aliyekuwa ndani kuuliza. Kudai Meya ilikuwa haki. Kuiacha meza tupu lilikuwa kosa, na Kamati inalisema leo kwa sababu halijawahi kusemwa ndani ya tawi hili. Mwaka 2019 tukajitoa nchi nzima baada ya wagombea kuenguliwa kwa maelfu. Wao wakapata asilimia 99 na miaka mitano ya mihuri. Kati yetu hakuna aliyeweza kueleza mkakati wetu ulikuwa nini baada ya kujitoa.

Machi 2019 tulimfuata Maalim Seif, Mungu amrehemu, tukasema shusha tanga, pandisha tanga. Tulibadilisha chama kwa siku moja. Tabia tulizokuwa nazo tulihama nazo.

*Kwa wanaosubiri zamu*

Hapa ndipo pananiuma mimi binafsi ninayeandika.

Oktoba, kabla mgombea wetu hajaenguliwa, tulikuwa na matumaini. Kwenye kikao cha tawi mwenzetu mmoja akasimama akauliza: tukishinda mtaa, muhuri utakaa nyumbani kwa nani? Mwingine akasema tuanze mapema kuandika orodha ya watu wetu kwa ajili ya ile asilimia 10, ili safari hii wale wa kijani nao waonje. Watu wakapiga makofi. Mimi Katibu nilikuwa na kalamu mkononi, na ninakiri mbele yenu kwamba nilianza kuandika majina. Niliandika majina kumi na moja. Aliyenisimamisha ni yule mama mjane. Alisema: “Mwanangu, mimi usiniandike. Niliporudishwa Jumatatu na Alhamisi sikuomba kwamba mwenzangu naye arudishwe.” Kikao kikakaa kimya. Karatasi ile ninayo, nitakuja nayo mkutanoni.

Ndugu wanachama, muhuri wa mtaa haukai nyumbani kwa mtu. Unakaa ofisini. Kama hatuwezi kukubaliana hata kwa hilo, basi tumeenguliwa kihalali.

Tazameni jirani. Kutoka hapa mpaka Horohoro ni mwendo mfupi, na ndugu zetu wako Lungalunga, wako Kwale, wako Mombasa. KANU ilitawala Kenya tangu 1963. Wazee wanakumbuka vijana wa KANU wakidai kadi ya chama kwa mtu anayetaka kuingia sokoni au kupanda matatu. Mwaka 1988 wakapiga kura za mlolongo, watu wanapanga mstari nyuma ya mgombea, na mara nyingine mstari mfupi ndio ulioshinda. Desemba 2002 KANU ikashindwa, NARC ya Kibaki ikaingia, watu wakalia kwa furaha. Lakini waliingia na nini? Na Katiba ileile, na madaraka yaleyale ya kuteua kila mtu, na wengi wa waliokuwa KANU wakiwa ndani ya basi jipya. Haikufika hata miaka sita damu ikamwagika, mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008. Walipopata Katiba mpya, Agosti 2010, ndipo mambo yalipoanza kubadilika kwenye mifupa: kaunti 47 zenye magavana wa kuchaguliwa, na fedha zinazogawiwa kwa sheria na si kwa hisani ya Ikulu. Kwale leo haina gavana aliyeteuliwa kutoka mjini. Wana wizi wao, wana ukabila wao, hatuwapambi. Lakini gavana akiharibu, mwenye Kwale anamtoa. Mkuu wetu wa Mkoa akiharibu, tunasubiri mkeka usiku kwenye simu.

Na Pemba wako ng’ambo hapo, siku ya hewa safi wavuvi wetu wanaiona. Julai 2010 Wazanzibari walipiga kura ya maoni, asilimia 66.4 wakakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Lilikuwa jambo kubwa, lilizuia misiba. Lakini Tume ya Uchaguzi haikuguswa vya kutosha, na Oktoba 2015 mwenyekiti wake, Jecha Salim Jecha, akaufuta uchaguzi mzima kwa tangazo. Viti viligawanywa, uzio haukujengwa. Hilo ni funzo kwa wenzetu wanaodhani tukipewa nafasi mbili tatu serikalini tumemaliza.

Botswana, mwisho wa Oktoba mwaka huu, chama kilichotawala tangu uhuru wa 1966 kimebaki na viti 4 bungeni, na Rais Masisi akakubali kabla hata ya kura zote kuisha kuhesabiwa. Nchi haikupasuka. Wale wanaotuambia CCM ikitoka nchi itapasuka waende wakaangalie Gaborone.

*Tunachotaka*

Tunataka uzio kati ya chama na serikali, na tunataka uzio huo utuzuie na sisi siku tukiwa ndani. Kamati imekubaliana na haya, na tunayapeleka kata, jimbo na mkoa kama msimamo wa tawi.

Uchaguzi wa mitaa, vijiji na vitongoji utoke TAMISEMI, sheria ile iliyoahidiwa itungwe, na asiwepo msimamizi anayeteuliwa na mwenyekiti wa chama chochote, kiwe CCM au kiwe chetu. Fomu ya mgombea isiengue mtu kwa kosa la kalamu; arekebishe papo hapo mbele ya wote. Barua ya utambulisho itolewe na ofisi ya mtaa bila kupitia kwa balozi wa chama, na iwe na siku ya mwisho ya kutolewa. Orodha ya vikundi vilivyoomba mkopo na vilivyopata, na sababu za vilivyokosa, ibandikwe ukutani. Watumishi wa umma wasitoe taarifa kwenye kamati za siasa za chama. Watoe kwa madiwani na kwa wananchi, na CCM wakitaka kusikia waje wakae kwenye viti kama sisi. Viwanja na majengo yaliyotokana na michango ya wote yarudi kwa wote. Na Katiba mpya, ambayo Tume ya Jaji Warioba ilizunguka nchi nzima kuikusanyia maoni na rasimu yake ikakabidhiwa Desemba 2013, itoke kabatini.

Mtasema haya ni makubwa kwa tawi dogo. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Nyalali ilikuta takribani asilimia 80 ya watu waliohojiwa wanataka chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, kwa kuwa wachache nao wana haki. Ikapendekeza na sheria 40 zifutwe au zirekebishwe. Wachache wale hawakuwa na jeshi. Na sasa hivi wanaotuambia tumepata asilimia moja na nusu tunyamaze, wanakaa kwenye viti ambavyo visingekuwepo kama ishirini wangenyamazishwa na themanini.

*Kazi ya kuanzia wiki hii*

Mengine hayasubiri Katiba. Kijijini sheria inataka mkutano mkuu kila miezi mitatu, na mitaa nayo ina mkutano wa wakazi wake. Mkazi yeyote wa miaka 18 anaruhusiwa, haulizwi kadi ya chama. Mapato na matumizi yanasomwa pale. Mara ya mwisho uliisikia lini hesabu ya mtaa wako? Mjumbe wetu mmoja aliyepita ameagizwa aandike barua, kwa adabu, kuomba tarehe ya mkutano wa kwanza. Tutakwenda sote. Hatutavaa fulana za chama. Hatutazomea. Tutauliza maswali matatu tu: kiasi gani kimeingia, kimetumikaje, na vikundi gani vimepata mkopo. Wana CCM wa mtaani watataka kusikia majibu hayo kuliko sisi, maana nao wengi wao wamerudishwa Jumatatu na Alhamisi, wanaona haya tu kusema.

Aliyevaa kanga ya kijani asitukanwe. Kanga ni nguo. Aliyepigia CCM kwa moyo wake asiitwe msaliti, na kwenye msiba na harusi tutakwenda kama tulivyokwenda.

Kwa usalama: safari ya mbali mwambie mtu wa nyumbani na mtu wa tawi, basi gani, saa ngapi. Ukiona gari lisilo na namba linazunguka, usiliendee, andika ulichokiona na upigie Mwenyekiti. Usirushe picha usiyoijua ilikotoka.

Mkutano wa tawi ni Jumapili, baada ya Alasiri, mahali petu pa kawaida. Kila mwenye nakala ya fomu ya pingamizi au karatasi ya kuenguliwa aje nayo. Tunakusanya za kata nzima zipelekwe kwa wanasheria wa chama. Ada ya mwezi ni ileile. Kahawa na kashata zitakuwepo, vikombe vilivyoazimwa kwenye mkutano wa Oktoba virudishwe kwanza.

Na ile karatasi ya majina kumi na moja itasomwa mbele ya wote, kisha mkutano uamue la kufanya nayo.

Katibu wa Tawi,
kwa niaba ya Kamati ya Tawi